Aliyemchongea mume wangu ni mimi, anayelaumiwa ni mdogo wake

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu. Naomba uubebe na wangu kidogo, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana mimi ni fundi cherehani, kuandika si kazi yangu, na jambo lenyewe nimekaa nalo miezi minne sasa, katika familia anayelijua ni shemeji yangu tu ambaye ndiye anayeumizwa nalo, na limenifika hapa kooni, hata chai ya asubuhi haipiti.

Mume wangu ana miaka sitini na sita na ni mwalimu wa udereva, au niseme alikuwa, bado sijazoea kusema alikuwa. Miaka thelathini na miwili amefundisha watu gari katika mji huu, hatuwezi kwenda sokoni bila mtu kushusha kioo na kupiga kelele "Mwalimu, shikamoo!" na yeye anajibu "Marahaba, na uache kuendesha kwa mkono mmoja!" Madereva wa malori, madereva wa magari ya wagonjwa, hata trafiki wawili watatu wamepita mikononi mwake. Mimi mkewe ndiye sijui. Alijaribu kunifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, tulipofika kwenye mzunguko akanifokea, nikazima gari katikati ya barabara, nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu na kiatu kimoja mkononi, na jioni yake tukakubaliana kwamba ndoa tunaitaka kuliko leseni.

Miaka mitatu iliyopita kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kucheza chenyewe. Tulikifanyia mzaha, nikamwambia kidole chako kimesikia muziki ambao sisi hatuusikii, akacheka, lakini baada ya miezi kadhaa mkono mzima ukawa unatetemeka akiuweka pajani, kisha akaanza kutembea kwa hatua fupifupi, na akifika mlangoni miguu inagoma, mpaka nimwambie "haya, moja, mbili" ndipo anavuka. Daktari akatuambia ni Parkinson. Hakutuficha, alisema dawa zitasaidia lakini ugonjwa hauondoki, na kuna saa mwili utakuwa mwepesi na kuna saa utachelewa kutii. Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Na gari?" Daktari akasema tutaangalia mwaka hadi mwaka.

Kufundisha aliacha mwenyewe. Siku hiyo mwanafunzi wake, dada mmoja muuguzi, aliuona ule mkono, akaegesha gari pembeni, akamwambia, "Mwalimu usiogope, nakwenda polepole." Alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu, akaniambia, "Mke wangu, leo mwanafunzi ndiye amenituliza mimi." Kesho yake akawapigia simu wanafunzi wote waliobaki, mmoja mmoja, akawagawa kwa walimu wengine. Gari akabaki nalo vilevile, na kibao chake cha mafunzo juu ya paa na breki zake mbili.

Sasa hizo breki ndizo kosa langu lilipoanzia. Gari la mafunzo, kama hujui, lina breki ya dereva na lina breki nyingine upande wa pili anapokaa mwalimu, ili mwanafunzi akizubaa mwalimu akanyage. Mume wangu akiendesha na mimi nikikaa pembeni yake, ile breki ya mwalimu iko chini ya miguu yangu. Siku moja tunatoka hospitali, taa zikawaka nyekundu, akaziona kabisa, akasema "nyekundu hiyo", lakini nikaona tunakwenda tu, mguu wake haukuondoka kwenye mafuta, na mbele yetu watu wanavuka. Nikakanyaga. Gari likasimama. Akanigeukia anatabasamu, akasema, "Umeona? Mkono unatetemeka, mguu hautetemeki." Mshauri, nilimwona uso ulivyochangamka, miezi mingi sikuwa nimeuona hivyo, nikasema, "Breki zako bado kali, baba."

Basi nikawa dereva wa siri. Mwaka mmoja na miezi miwili sikumwacha atoke peke yake, akienda benki nipo, duka la dawa nipo, msibani nipo, kazi zangu nikishona alfajiri ili nikiitwa niwe tayari, hata binti yetu alipokuja likizo alisema "mama siku hizi humbanduki baba, mmeanza upya nini?" Mguu wangu umekanyaga cherehani miaka thelathini, unajua kukanyaga kwa upole na kuachia kwa upole, kwa hiyo nilikuwa nakanyaga kidogo kidogo ili aone ni yeye. Tukifika salama anajisifu, namwitikia. Moyoni nilikuwa nakufa kila tukikaribia njia panda.

Halafu ikaja fomu. Ofisi ya leseni inataka kila mwaka daktari ajaze, na mtu mmoja wa familia naye ajaze kama mgonjwa anaendesha vizuri, kisha aifunge kwenye bahasha. Mimi hakunipa. Alisema, "Fomu ya mke haina uzito, watasema nimekushikia fimbo." Akampa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ni kinyozi, duka lake liko mtaa wa pili kutoka kwetu, na ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumamosi kumnyoa ndevu kaka yake tangu mkono ulipoanza kumkata na wembe. Shemeji aliandika kwamba kaka yake anaendesha vizuri kuliko yeye mwenyewe. Najua, kwa sababu alinisomea kabla hajaibandika bahasha, tukacheka wote. Mume wangu akaipeleka kwa mkono wake.

Siku kumi baadaye ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nilikuwa na sare arobaini na tatu za kumaliza, sikuweza kwenda naye, akatoka peke yake siku mbili, na siku ya pili alirudi kioo cha pembeni kinaning'inia, akasema mtu wa pikipiki kamkwaruza. Kesho yake akaja mteja kupimwa gauni, nimepiga magoti sakafuni napachika pini kwenye pindo, pini nyingine nimezibana mdomoni, yeye anapiga soga juu ya kichwa changu. "Mama we, jana nusura nimzike mama yangu! Tuko katikati ya zebra pale zahanati, gari linakuja tu, halipunguzi. Nimemvuta mama kwa mkono wa gauni mpaka mshono ukaachia. Na unajua gari gani? La mafunzo! Bluu, lina kibao juu. Huyo mwalimu ni wa kunyang'anywa leseni." Hakujua anaongea na nani. Kisha akatoa gauni la mama yake kwenye mfuko aliokuja nao, akaniuliza nalo hilo nitalishona lini. Nikalishona palepale.

Wiki hiyo nilimuaga nakwenda kununua uzi na zipu, nikaenda kwa daktari. Nilimwambia yote, la zebra, la kioo, na la breki ya pili. Daktari alivua miwani, akasema, "Mama, mwaka mzima nadhani namuuliza mgonjwa mmoja anaendeshaje, kumbe nilikuwa najibiwa habari za watu wawili." Akaniuliza kama anaweza kuandika kwamba aliyesema ni mimi. Nikamwambia hapana, tafadhali, nyumba yangu itavunjika. Akaandika "mwanafamilia".

Barua ilipokuja ilisema leseni imefutwa kwa taarifa ya daktari pamoja na ya mwanafamilia. Tulikwenda pamoja kuirudisha, kwa basi. Kijana wa dirishani alikuwa mwanafunzi wake zamani, alipomwona alisimama, akasema "Mwalimu, samahani sana," akageuza uso. Kulikuwa na karatasi ya kusaini kwamba umerudisha kwa hiari. Alisaini, sahihi ikatoka mistari tu imepanda na kushuka, yule kijana akailinganisha na ile ya kwenye leseni, zimepishana kabisa, na akaipiga muhuri. Mume wangu alipotoka nje alishika ukuta. Sijawahi kumwona analia, na siku ile pia hakulia, ila alisema, "Hata jina langu halinijui tena."

Kutoka pale akaenda moja kwa moja dukani kwa mdogo wake, mimi nyuma yake, maana mwanafamilia aliyejaza fomu ni mmoja tu. Wateja wamekaa, mmoja ana povu usoni. Mume wangu akafoka mbele ya wote, "Miaka yote hii nakupa shingo yangu uninyoe, kumbe unatafuta pa kukata!" Shemeji alikuwa ametugeuzia mgongo, akainua macho, akaniangalia mimi kwenye kioo. Mshauri, alielewa palepale. Akaweka wembe chini, akageuka, akasema, "Kaka, nisamehe." Basi. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu kama mgeni, na sikufungua mdomo.

Jioni nilimfuata shemeji peke yangu nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanikataza. "Shemeji," akasema, "akinikosa mimi ana wewe. Akikukosa wewe ana nani? Nani atamfunga vifungo vya shati? Niachie mimi, mabega yangu mapana." Nikakubali, na nilivyokubali haraka nikajichukia.

Tangu siku hiyo mume wangu hataki jina la mdogo wake litajwe ndani. Ndevu zimekua, hataki mwingine amnyoe, alijaribu mwenyewe akajikata chini ya sikio, nilimfuta damu na yeye ananiambia, "Wewe peke yako ndiye hukunisaliti." Kila asubuhi analifuta gari vumbi, kisha anakaa ndani yake saa nzima, funguo hazimo. Na hakai kwa dereva, anakaa upande wa mwalimu. Namwona kutoka dirisha la jikoni, anakanyaga ile breki ya pili huku amegeuza kichwa anaangalia chini upande wa dereva, anaachia, anakanyaga tena. Sijui anatafuta nini, nami naogopa kumuuliza.

Na sasa shemeji anafunga duka. Mwisho wa mwezi huu anahamia mji mwingine kwa binti yake, mbali, safari ya siku nzima, na ni mtu mzima naye, ana presha, sidhani kama atarudi. Alituma salamu ya kuaga. Mume wangu alisema, "Aende salama, sina mdogo." Ni ndugu wawili tu duniani, mama yao alikufa ameshika mkono wa huyu na wa huyu. Nikisema ukweli nampokonya mtu wa mwisho anayemwamini, na ni mgonjwa. Nikinyamaza, ndugu wawili wanaachana kwa dhambi yangu. Nifanye nini, mshauri? Usinionee huruma, niambie tu.

Ni mimi,
Fundi wa Sare


MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Sare, dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo jiandae, nitakupa vyote viwili.

Nianze na lile usilopaswa kulijutia. Kwenda kwa daktari ulifanya vyema. Kuna mama mmoja yuko hai leo kwa sababu binti yake ana mikono mepesi, na kuna wengine watavuka pale zahanati wasijue kwamba wewe ndiye uliyewavusha. Leseni ya mume wako imechukuliwa na ugonjwa. Wewe ulisema tu ugonjwa umefika wapi, tena ulichelewa kusema. Kwa hilo usimwombe mtu msamaha, hata yeye.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Mwaka mmoja na miezi miwili! Barabara za mji wenu zilikuwa na dereva mmoja mwenye leseni asiyeweza kukanyaga, na mwingine anayekanyaga asiye na leseni, na watu wanavuka mbele yenu na watoto wao wakiamini wanaona gari lenye dereva. Ulimfichia mume wako aibu, ukawaacha wapita njia kwenye hatari. Ulimpenda, najua. Nami nina mume, na ningeshawishika kama wewe. Lakini siku uliposema "breki zako bado kali, baba", ndiyo siku ulipompa ujasiri wa kwenda peke yake wiki ya sare. Hilo libebe, ni lako.

Na halafu ukasimama mlangoni pa kinyozi na mkoba wako. Dada yangu, hilo ndilo limenichoma zaidi. Mtu anatukanwa mbele ya wateja wake kwa jambo ulilofanya wewe, tena yeye ambaye alimwandikia kaka yake uongo mzuri kabisa! Ndiyo, na yeye ana lake la kujibu, fomu ile haikuwa kadi ya pongezi. Nyote watatu mlikuwa mnadanganya, daktari na ofisi ya leseni, kila mtu kwa zamu yake. Lakini aliyeadhibiwa ni mmoja.

Shemeji yako anauliza, akikukosa wewe ana nani. Swali zuri, ila ninyi wawili mmeshalijibu bila kumuuliza mwenyewe. Mmekaa jioni mmemgawana, huyu abaki na mke, huyu apoteze ndugu, kama vile yeye hayupo. Mgonjwa wa kutetemeka ana akili zake timamu. Alifundisha watu zaidi ya miaka thelathini kuwa mtu mzima anabeba makosa yake akiwa barabarani. Mwacheni na yeye awe mtu mzima nyumbani kwake.

Na sasa nikuambie unachokiona dirishani na hukielewi. Mimi nilijifunza gari kwenye gari la breki mbili. Zile pedali zimeungana kwa chini. Mwalimu wangu alipokanyaga yake, yangu ilizama yenyewe chini ya kiatu changu, na nilijua kila mara, hata akikanyaga kwa upole kiasi gani. Nilikuwa mwanafunzi wa wiki mbili na nilijua. Mume wako amekaa kwenye kiti kile miaka thelathini na miwili. Unafikiri hakuisikia breki ikishuka bila yeye? Anakaa upande wa mwalimu, anakanyaga, anaangalia ya dereva inavyoshuka. Dada yangu, nadhani alijua. Huenda hakujua mara ya kwanza, lakini ya kumi alijua. Alijisifu kwako kwa sababu wewe ulitaka ajisifu, na wewe ulimsifu kwa sababu yeye alitaka kusifiwa, na mkaendelea hivyo kwa huruma mpaka mkafika zebra.

Kama alijua kuhusu breki, je, anajua kuhusu daktari? Hilo siwezi kukuapia. Inawezekana anahisi. Kumkasirikia mdogo wake ni rahisi, mdogo wake anakaa mtaa wa pili. Kukukasirikia wewe ni vigumu, wewe ndiye unayehesabu "moja, mbili" avuke mlango. Ikiwa anahisi na ananyamaza, basi yule mzee amebeba peke yake mzigo uleule unaokuzuia wewe kunywa chai. Na ikiwa hahisi chochote, ukweli ni haki yake vilevile.

Kwa hiyo utamwambia. Nisikilize vizuri jinsi ya kumwambia, maana wewe ni mtu wa kukanyaga kwa upole, na hili halitaki upole wa namna hiyo.

Mwambie asubuhi, saa moja hivi baada ya kidonge, wakati mwili wake ni mwepesi, ili akitaka kuinuka na kutoka aweze kutoka mwenyewe. Usimwambie akiwa ndani ya gari, pale ni mahali pake, usimharibie. Zima cherehani. Kaa mbele yake, usisimame na ufagio mkononi. Usianze na machozi, usianze na "kwa sababu nakupenda", na binti yenu usimwite aje kukusaidia. Sentensi ya kwanza iwe hii: aliyemwambia daktari ni mimi, mdogo wako aliandika kwamba unaendesha vizuri. Kisha mwambie la zebra, na la gauni lililochanika. Kisha la breki, tangu siku ya taa nyekundu. Muombe msamaha kwa miezi kumi na minne ya kumdanganya, na kwa miezi minne ya kumwacha amchukie asiye na kosa. Halafu funga mdomo.

Hapo ndipo pagumu. Ugonjwa huu hukaza uso, kwa hiyo usiutazame uso wake ukadhani hajasikia au hajaumia. Msubiri. Akifoka, mwache afoke, usijitetee hata neno. Akikaa siku tatu hali chakula chako, pika na siku ya nne. Akisema hataki umfunge vifungo, mpe fulana. Wewe ulimficha mambo zaidi ya mwaka, mruhusu naye hasira zake zichukue muda.

Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, nenda kwenye duka la kinyozi kwa miguu yako. Usimwite pembeni. Wateja wakiwepo, ndiyo vizuri. Aliaibishwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Sema kwa sauti kwamba kaka yake alimwonea na wewe uliona ukanyamaza. Atakuzuia, atasema "shemeji acha". Usiache. Na umwambie kaka yake sasa anajua, ili asije akashangazwa njiani. Kama mume wako atakwenda kumuaga mdogo wake kabla ya mwisho wa mwezi, hilo ni lake yeye. Usimsukume, usimbembeleze, usiwapangie kukutana kwa hila. Hila katika nyumba yako zimetosha.

Gari usiliuze kisirisiri, wala usifiche funguo kwenye debe la vifungo. Likizungumzwa, aseme yeye. Najua wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba ujifunze udereva, mwalimu akae pembeni, yaishe kwa furaha. Labda ipo siku. Sasa hivi una kidonda ambacho hata hujamwonyesha mwenye mwili, na wao wanakuletea bendeji ya maua.

La mwisho, na hili ndilo linalonifanya nisikupe hata wiki moja ya kujifikiria. Kabla ya kukujibu nilimpigia daktari ninayemwamini nikamuuliza, ugonjwa huu unaelekea wapi. Akaniambia kwa wagonjwa wengi hauishii mikononi na miguuni. Unaingia mpaka kwenye sauti. Inapungua mwaka hadi mwaka, mpaka mke anainama mdomoni pa mumewe asikie anaomba nini. Unaniambia unaogopa maneno atakayokuambia. Dada yangu, kuna wake wengine wanaoandika humu, wangetoa kila walicho nacho wasikie waume zao wakifoka tena mara moja tu.

Kesho asubuhi, baada ya kidonge, kaa mbele yake umwambie. Mwambie angali na sauti ya kukugombeza.